Maswali ya wasomaji: Maji yanapofika kwenye mapafu ya mtoto mchanga

Barua nyingi zilizofika mezani pangu mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, maji tunayoyaamini, yale tunayokunywa na kuogea kila siku bila kuugua, yanaweza kumletea mtoto mchanga nimonia? Jibu ni ndiyo, ingawa si mara nyingi, na kwa kuwa ndiyo hiyo ina masharti yake nimechagua barua saba nizijibu kwa kirefu kadiri kila moja inavyohitaji. Baadhi nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaondoa.

Shikamoo Daktari. Mtoto wa shoga yangu alilazwa akiwa na siku tisa, na wauguzi walisema ana nimonia iliyotokana na bakteria wa majini. Mimi nilikua nikiambiwa kwamba nimonia huletwa na baridi na kwamba maji machafu huharibu tumbo. Maji yanafikaje kwenye mapafu?

Marahaba, mama. Tuanze na baridi ili tuiweke kando: baridi humdhoofisha mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, lakini haizai vijidudu. Nimonia nyingi za siku za mwanzo husababishwa na bakteria ambao mtoto huwapata katika njia ya uzazi ya mama yake au kwa watu wanaomshika. Zile za majini ni chache, ila zinapotokea huwa kali, na ndiyo maana zinastahili kujulikana.

Anayetajwa zaidi katika kundi hili ni bakteria aitwaye lejionela. Jina lake lina historia ya kusikitisha. Mnamo Julai 1976 wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, na baada ya kurudi makwao wakaanza kuugua nimonia ambayo hakuna aliyeijua. Kati yao 29 walifariki. Ilichukua hadi Januari 1977 kwa Joseph McDade na Charles Shepard, watafiti wa kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kumtambua bakteria mwenyewe, naye akapewa jina la chama hicho.

Lejionela huishi katika maji baridi ya mito na maziwa akiwa mchache na asiye na madhara makubwa. Shida huanza pale maji yanapoingia kwenye mabomba, matangi na mashine zetu, yakatulia na kupata uvuguvugu. Kati ya nyuzijoto 20 na 45 za Selsiasi huzaliana, na karibu na nyuzijoto 35 hustawi vizuri zaidi. Ukifungua kichwa cha bomba la mvua ambacho hakijaguswa kwa miezi mingi na kupitisha kidole ndani yake, utagusa utando laini unaoteleza kama ute wa bamia. Utando huo ndio makazi yake. Humo huingia hata ndani ya amiba, viumbe vidogo wenye seli moja ambao kazi yao ni kula bakteria, akageuza tumbo la mlaji wake kuwa mahali pa kuzaliana. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu tutakutana nalo tena tutakapozungumzia dawa.

Sasa, maji hayo yakinywewa na mtu mzima kwa kawaida hayamdhuru. Hatari inakuja yanapovunjika kuwa matone madogo sana yanayoelea hewani na kuvutwa kwa pumzi, au yanapopitia koo na kuteremkia njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Mtu mzima ana kikohozi chenye nguvu na seli za ulinzi zilizokomaa. Mtoto wa siku tisa hana kimojawapo cha kutosha. Kwa hiyo maji yaliyo safi kwa kunywa si lazima yawe salama kwa mapafu ya mtoto mchanga. Vipimo vingi vya usafi wa maji huangalia vijidudu vya kinyesi, navyo vinaweza kutoka vizuri kabisa ilhali lejionela yumo.

Nina ujauzito wa wiki 34 na ningependa kujifungulia ndani ya maji nyumbani. Tumepata bwawa la kukodi lenye kipasha joto na pampu ya kuzungusha maji. Mwenye bwawa anasema tulijaze wiki mbili kabla ili lisituchelewesha uchungu ukianza. Dada yangu ananitisha, mkunga wangu ananitia moyo. Wewe unasemaje?

Kuhusu bwawa hilo, nasema usilitumie. Sina njia ya kulainisha jibu hili.

Fikiria maelekezo uliyopewa: maji ya bomba, yenye joto la mwili wa mtu, yanazunguka ndani ya mipira na pampu usiku na mchana kwa wiki mbili. Mtaalamu wa maabara anayetaka kukuza lejionela angetafuta hali inayokaribia hiyo. Klorini kidogo iliyokuwemo hupotea mapema kwa sababu ya joto, utando hujengeka ndani ya mipira ambamo kitambaa cha kusafishia hakifiki, na siku ya kuzaa ndipo mtoto anatokea katikati ya maji hayo.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Japani mwaka 1999 mtoto aliyezaliwa nyumbani katika beseni la kuogea ambalo maji yake yalikuwa yakizungushwa na kupashwa joto mfululizo alifariki akiwa na siku nane, na lejionela akaonekana kuwa ndiye chanzo. Mwaka 2014 mtoto huko Texas, Marekani, alifikishwa hospitali akiwa na siku sita, pumzi ikiwa imemshinda, baada ya kuzaliwa majini. Yeye pia hakupona. Mwaka huohuo Uingereza ilipata mgonjwa mchanga aliyezaliwa nyumbani katika bwawa lenye kipasha joto, na mamlaka ya afya ya umma ikatoa ushauri kwamba mabwawa ya namna hiyo, yanayojazwa mapema na kuzungusha maji, yasitumike nyumbani kwa kujifungulia. Mwaka 2016 huko Arizona waliugua watoto wawili, na mmoja wao alizaliwa katika beseni la kukodi lililojazwa wiki mbili kabla na kuwekwa kwenye nyuzijoto 37. Unaona jinsi maelekezo yako yanavyofanana na hayo? Watoto hao wawili, nashukuru, walipona.

Mtoto mwingine wa Arizona anatufundisha jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kulipokea, kwani maandalizi ya uzazi wake yalikuwa ya uangalifu mkubwa na maji hayakulazwa kwa siku nyingi, lakini aliugua hata hivyo. Maji ya bomba si maji yasiyo na vijidudu. Kujaza bwawa safi uchungu ukiwa umeanza, kwa mpira mpya, baada ya kuyaacha maji ya moto yatiririke kwanza, hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa; hakuiondoi yote.

Dada yako na mkunga wako nadhani wanabishana juu ya vitu viwili tofauti. Kukaa ndani ya maji wakati wa uchungu ni jambo moja, na mtoto kutokea chini ya maji ni jambo lingine. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha kwamba wanawake wanaokaa majini katika hatua ya kwanza ya uchungu huhitaji sindano ya ganzi ya mgongoni mara chache kidogo kuliko wengine, na haukuona ushahidi kwamba watoto wao hudhurika zaidi. Kwa hatua ya pili, mtoto anapotoka, manufaa kwake hayajathibitishwa, na chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba maji yaruhusiwe katika hatua ya kwanza kwa mama asiye na matatizo, kati ya wiki 37 na wiki 41 na siku 6, lakini mtoto azaliwe nje ya maji. Wakunga wengi wa Uingereza hawakubaliani na msimamo huo, na huwahudumia kina mama majini hadi mwisho. Mimi nafanya kazi na watoto walio wagonjwa, si na uzazi unaokwenda vizuri, kwa hiyo huenda macho yangu yamezoea kuona upande mmoja. Ukiniuliza hata hivyo, ningechagua maji kwa uchungu na nchi kavu kwa kuzaa.

Wengi huniambia kwamba mtoto havuti pumzi akiwa majini kwa kuwa bado anapokea oksijeni kupitia kitovu. Ni kweli kwa mtoto mwenye afya, ambaye pumzi yake ya kwanza huamshwa na hewa inayogusa uso. Mtoto aliyechoka na kupungukiwa na oksijeni wakati wa uchungu hutweta kabla ya kufika juu, na anachokivuta wakati huo ni maji.

Ukiamua kuzalia majini licha ya haya yote, basi bwawa lisiwe na pampu wala vinyunyizio, lijazwe siku yenyewe, na mkunga aandike kwenye kadi ya mtoto kwamba alizaliwa majini. Sababu ya kuandika nitaeleza katika barua ya sita.

Mimi ni baba wa mtoto wa wiki tatu. Pua yake huziba usiku, na mkwe wangu ametununulia mashine ya kutoa ukungu baridi. Tunaijaza maji ya chupa ya kunywa ili tuwe na uhakika. Tunafanya sawa?

Ndugu yangu, nia ya mkwe wako ni njema, lakini mashine hiyo ningeizima leo.

Mashine ya ukungu baridi haichemshi maji. Ndani yake kuna kisahani kinachotetemeka kwa kasi kubwa na kuyapasua maji kuwa matone madogo kiasi cha kuelea chumbani kwa muda mrefu, na chochote kilichomo ndani ya tangi hurushwa pamoja na matone hayo. Maji ya chupa ya kunywa hayakutengenezwa yawe bila vijidudu kabisa. Na hata ungeanza na maji yaliyochemshwa, bado yangelala ndani ya tangi la plastiki ambalo pembe zake hakuna anayezifikia kwa brashi. Litoe tangi uliangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari wa rangi ya waridi au kahawia mahali maji yanapoishia, au ukihisi utelezi kwa kidole, hicho ndicho mtoto amekuwa akivuta.

Mfano mchungu zaidi unatoka Kupro. Desemba 2008 katika hospitali moja binafsi, mashine ya aina hii iliwekwa katika chumba cha watoto wachanga. Watoto 32 walivuta hewa yake, wote wakiwa wamezaliwa wakati wao ulipotimia, si njiti. Tisa waliambukizwa lejionela, sita wakapata nimonia, watatu wakafariki. Nawataja kwa idadi kwa sababu watu hudhani ugonjwa huu huwapata tu wale ambao tayari wanapigania uhai. Hawa walikuwa watoto wa kawaida waliokuwa wakisubiri kurudi nyumbani.

Tangu zamani miongozo ya hospitali inasema mashine za kutia unyevu chumbani zinazotoa matone zisitumike, isipokuwa kama zinaweza kutakaswa kila siku na kujazwa tu maji yaliyotakaswa hadi yasibaki na vijidudu. Kama hospitali yenye wafanyakazi na vifaa huambiwa hivyo, sioni kwa nini nyumba yenye wazazi wasiolala ichukue mzigo huo. Kwa pua iliyoziba, tone moja au mawili ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya pua, kabla ya kunyonya, yanatosha kwa watoto wengi. Vilevile kikombe na barakoa ya nebulaiza, yaani mashine ya kuvutia dawa kama ukungu, kama mtoto atawahi kuandikiwa, visisuuzwe kwa maji ya bomba, maana vimewahi kuhusishwa na maambukizo haya haya. Maji yaliyochemshwa yakapoa yanafaa, kisha vikaushwe kabisa.

Nimejifungua mapacha. Mmoja amegundulika na lejionela. Je, atamwambukiza mwenzake nikiwanyonyesha pamoja?

Hapana, mama. Ugonjwa huu hauenezwi kwa kawaida kutoka mtu hadi mtu. Katika miongo yote tangu 1976 yamerekodiwa maambukizo ya namna hiyo yaliyodhaniwa kutokea mara moja tu, nchini Ureno mwaka 2014, tena kati ya watu wazima. Wala hautoki katika maziwa yako. Lakini pacha wa pili amepitia maji yale yale na hewa ile ile, kwa hiyo aangaliwe kwa karibu kwa wiki mbili, kwa kuwa dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 10 baada ya kukutana na maji yenyewe, na wakati mwingine huchelewa hadi siku ya 14.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto njiti. Tumepewa agizo kwamba tusiwaogeshe watoto kwa maji ya bomba na tusimwage chochote kwenye sinki la kunawia mikono. Bomba zetu ni mpya na zinang'aa. Wenzangu wanaona tunasumbuliwa bure. Naomba ufafanuzi niwape.

Waambie kwamba agizo hilo limelipiwa na maisha ya watoto.

Kati ya Desemba 2011 na Januari 2012, watoto wachanga wanne walifariki katika hospitali mbili za Ireland ya Kaskazini, mmoja Londonderry na watatu Belfast, kwa maambukizo ya sudomonasi. Huyu ni bakteria mwingine wa majini, mwenye tabia tofauti na lejionela: hahitaji maji ya uvuguvugu wala ukungu, hutosheka na mahali popote palipo na unyevu, na hufika kwa mtoto kupitia mikono, michirizi, vifaa na maji ya kuoshea. Kwa mtoto njiti hushika mapafu na damu kwa pamoja, na saa chache tu hutosha kumgeuza mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri.

Uchunguzi ulifuata njia ya maji hadi kwenye bomba za sinki. Wachunguzi walipozifungua, waliona kwamba shida haikuwa kwenye uso unaong'aa. Mdomoni mwa bomba nyingi za kisasa kuna kisahani chenye vitundu vidogo kinachonyoosha mchirizi wa maji ili usiruke. Kila kitundu ni kibanda cha utando, kimelowana siku nzima na hakifikiwi na dawa ya kusafishia. Bomba za kisasa zinazofunguka zenyewe, zenye sehemu nyingi ndani, zimeonekana mara nyingine kuwa chafu kuliko bomba ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Kung'aa kwa bomba zenu, kwa hiyo, hakusemi lolote.

Baada ya hapo ndipo ilipotiliwa mkazo kwamba watoto walio wagonjwa au njiti waoshwe kwa maji yaliyotakaswa yasiyo na vijidudu. Kuhusu sinki: maziwa yaliyobaki, dawa na maji ya kuogea yakimwagwa humo huwa chakula cha utando ulio kwenye bomba la kutolea maji, na mchirizi unaoangukia moja kwa moja kwenye tundu la sinki hurusha matone hadi kwenye meza ya kuandalia dawa iliyo karibu. Simama pembeni ya sinki lenu mchana, jua likipiga dirishani, umwombe mwenzako afungue maji kwa nguvu. Utayaona matone yenyewe.

Na si bomba pekee. Mwaka 2019 huko Pennsylvania, Marekani, watoto njiti watatu walifariki kwa sudomonasi, na chanzo kilipatikana katika vifaa vya kupimia maziwa ya mama yaliyochangwa, ambavyo vilikuwa vikisafishwa kwa namna iliyoruhusu maji yenye bakteria kubaki. Maziwa hayakuwa na kosa. Kwa hiyo ongeza katika orodha yenu chupa ya kutia unyevu kwenye oksijeni, tangi la unyevu la inkubeta na sahani ya maji ya kuyeyushia maziwa yaliyogandishwa. Chupa na tangi vijazwe maji yaliyotakaswa yasiyo na vijidudu pekee, na yakipungua msiongezee juu ya yaliyobaki, bali mwageni, badilisheni chombo, mjaze upya. Najua zamu ya usiku inavyokuwa, na najua kishawishi cha kuongezea kidogo tu.

Ni baba mwenye hasira anayekuandikia. Mwanangu alilazwa akiwa na siku saba, akapewa sindano mbili za antibaiotiki kwa siku nne huku akizidi kudhoofika. Siku ya tano daktari mwingine aliuliza alizaliwa wapi, tukamwambia majini, naye akabadilisha dawa siku hiyohiyo. Sasa mtoto yuko nyumbani. Kwa nini hawakumpa dawa sahihi tangu mwanzo?

Pole sana, baba, na nafurahi kwamba mtoto yuko nyumbani. Sikuwa hapo, kwa hiyo sitamhukumu yeyote, lakini naweza kukueleza jinsi siku nne hizo zinavyoweza kupotea hata mikononi mwa watu makini.

Mtoto wa wiki ya kwanza akiletwa na shida ya kupumua, daktari hasubiri majibu ya maabara. Humwanzishia dawa zinazolenga vijidudu vya kawaida vya umri huo, na mara nyingi ni ampisilini na jentamisini. Kwa watoto wengi sana uamuzi huo ndio unaowaokoa. Lakini lejionela, kama alivyofanya ndani ya amiba, hujificha ndani ya seli nyeupe za mapafu zilizommeza ili zimuue, akazaliana humo humo. Dawa za jamii ya penisilini na ile ya jentamisini hazimfikii huko kwa kiwango cha kumwangamiza. Zinazoingia ndani ya seli ni za jamii nyingine, kama vile azithromisini au levofloksasini, na daktari hawezi kumpa kila mtoto mchanga dawa hizo ovyo. Azithromisini, kwa mfano, ikitolewa katika wiki za mwanzo huongeza uwezekano wa msuli wa mlango wa tumbo kunenepa na kumfanya mtoto atapike kwa nguvu hadi ahitaji upasuaji. Mzazi anayepewa dawa hiyo aambiwe mapema, ili matapishi ya kuruka yakianza asiyachukulie kuwa cheuo.

Vipimo navyo vina mitego. Lejionela haoti kwenye vyombo vya kawaida vya kuotesha bakteria; anahitaji chakula maalumu, ambacho maabara haikitumii bila kuombwa. Kipimo cha mkojo hutoa jibu haraka, ila hutambua hasa kundi moja tu la bakteria huyu, kwa hiyo jibu la "hakuna" halimalizi shauri. Kipimo cha vinasaba katika makamasi yaliyonyonywa kutoka ndani ya njia ya hewa ni bora zaidi, nacho pia hufanywa na aliyekwisha kushuku. Picha ya eksirei huonyesha nimonia, lakini haiwezi kusema nani ameisababisha.

Utaona basi kwamba kila kitu kinasubiri mtu ashuku, na anayeshuku hufanya hivyo kwa sababu amesikia habari ya maji. Swali la daktari wa pili lilikuwa rahisi, nalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Hapo hasira yako ina haki. Kwa wazazi wengine wanaosoma: msingoje kuulizwa. Semeni mlangoni kwamba mtoto alizaliwa majini, au kwamba chumbani kuna mashine ya ukungu, au kwamba alikaa wiki kadhaa katika wodi akiwa kwenye mashine ya kupumulia, au kwamba nyumba mliyohamia ilikuwa imefungwa kwa miezi. Ni sentensi moja. Ndiyo maana nilimwambia yule mama wa barua ya pili kwamba mkunga aiandike kabisa kwenye kadi.

Kuna wazazi wanaoniuliza dalili za kuangalia, na zinaingia hapa vizuri. Usitegemee homa, kwani mtoto mchanga mgonjwa sana anaweza kuwa na joto la kawaida au akapoa. Mvue nguo kifuani akiwa ametulia, uhesabu jinsi tumbo na kifua vinavyopanda kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa kuwa pumzi za mtoto huenda kwa vipindi: hukimbia, hutua, kisha hukimbia tena. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika, ukirudia na kupata hivyohivyo, ni za kumpeleka hospitali. Ngozi ya chini ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta hewa, akiguna mwishoni mwa kila pumzi, akikataa ziwa, akiwa hajongei mpaka aguswe, midomo ikigeuka rangi ya buluu, au joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, usihesabu tena, ondoka naye saa hiyohiyo.

Nyumbani tuna tangi la kupasha maji moto. Tulipunguza joto lake ili mtoto asiungue. Kuna tatizo? Na kumwogesha kwenye beseni ni salama?

Beseni halina shida kubwa. Maji ni kidogo, hayarushwi hewani na kichwa cha mtoto kiko juu. Kama hajatimiza saa 24 tangu azaliwe, Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri kwanza, kwa sababu zinazohusu joto la mwili na kunyonya zaidi kuliko vijidudu.

Tangi ndilo limenishtua. Maji yanayohifadhiwa kwenye nyuzijoto 40 au 45 hukaa katika joto analolipenda lejionela. Ndani ya tangi yanatakiwa yawe 60 au zaidi. Hofu yako ya kuungua ni ya haki pia, kwani maji ya 60 humbabua mtoto kwa muda mfupi sana, kwa hiyo joto lirudishwe juu kwenye tangi na lipunguzwe karibu na bomba, kwa vali ya kuchanganyia maji ambayo fundi anaweza kuifunga. Kama vali haipo, tia maji baridi kwenye beseni kwanza, ndipo uongeze ya moto, uyapime kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto. Na mkirudi nyumbani baada ya kuwa hospitalini kwa wiki mbili au tatu, baba atangulie kuingia bafuni peke yake, afungue dirisha, ateremshe kichwa cha bomba la mvua hadi kwenye ndoo ili maji yasiruke, ayaache ya moto yatiririke kwa dakika kadhaa kisha ya baridi, mtoto akiwa chumba kingine mlango ukiwa umefungwa.